Uji wa Insiya

Bi Ulfat Msabah hakuwa mkunga wala daktari, lakini katika mtaa mzima wa Kiponda hakujifungua mwanamke bila ya jina lake kutajwa. Kazi yake ilikuwa jiko. Mzazi akishatolewa hospitali, mama yake au wifi yake hupanda zile ngazi nyembamba mpaka ghorofa ya pili, akabisha hodi, akasema, "Bi Ulfat, tushapata mgeni." Naye haulizi zaidi ya jambo moja, mtoto ni wa ngapi. Akishajibiwa, huinjika sufuria.

Alichokuwa akipika ni shurba ya oti, supu nzito ya kunywewa bakulini. Oti zenyewe ni zile punje za kigeni zilizobanwa zikawa bapa kama magamba ya samaki. Wengine huziita shayiri, na Bi Ulfat hakuchoka kuwasahihisha kuwa shayiri ni nyengine na oti ni nyengine. Mama yake alizizoea tangu zikiletwa kwa makopo kutoka Arabuni, na Ramadhani haikuingia nyumbani kwao bila ya bakuli la shurba jamvini. Ya mzazi aliipika kwa mifupa ya mbuzi yenye nyama kidogo, ikachemka mpaka nyama ikaachia. Kisha kitunguu, thomu, tangawizi mbichi, bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, kijiti cha mdalasini, na pilipili manga ya kumtoa mtu jasho. Oti huingia mwisho, kwa mkono, kidogo kidogo, kama anayewamwagia kuku chakula, na mwiko hausimami, kwani zikishika chini sufuria nzima imeharibika. Ndimu hukamuliwa bakulini, mtu akishakaa kula.

Asubuhi alipika uji wa oti hizo hizo kwa maji na chumvi kidogo, akauuza kwa watu wa sukari na presha wa mtaani. Mteja wake mkubwa alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya kichochoro, Bi Bilkis, mama wa Kihindi wa jamaa ya Mabohora. Bi Bilkis alikuwa akianza siku kwa mkate mweupe na chai ya sukari vijiko vitatu, na sukari yake mwilini haikuwa ikishikika. Alipohamia kwenye uji ule ikaanza kuteremka. Muuguzi wa kliniki alimweleza kuwa oti zina ute ambao huichelewesha sukari kuingia kwenye damu, na hupunguza mafuta mabaya yanayoziba mishipa. "Lakini si dawa ya kukuachisha vidonge," alimwambia, na Bi Bilkis alipomhadithia Bi Ulfat maneno hayo, alisisitiza zaidi sehemu ya mwanzo.

Kuhusu oti kumzidishia mzazi maziwa, muuguzi yule yule alisema hana hakika. Mama akila vizuri, akapumzika, na mtoto akanyonya sana, maziwa yatakuja kwa oti au bila ya oti. Bi Ulfat alilisikia hilo akacheka. Alishawapikia wazazi mia na zaidi, na hakuna aliyelalamika ukavu.

Mwanawe alikuwa mmoja tu, Ilham. Aliolewa na Borafya, kijana mpole aliyekuwa akiwaongoza wageni katika msitu wa Jozani, akiwaonesha kima punju na kuwaeleza majina ya miti. Walipanga nyumba Kiembe Samaki. Walikaa miaka sita bila ya mtoto, na katika miaka hiyo sita Bi Ulfat aliwapikia watoto wa watu huku macho yake yakiwa kwa wake. Ilham aliposhika mimba, mama mtu alinunua oti soko la Darajani mapema, kilo tano, akazitia kwenye ndoo yenye kifuniko.

Alijifungua Jumatatu, mtoto wa kiume, na kama ilivyo ada kwa uzazi wa kwanza akaja kukaa arobaini kwa mama yake. Jumatatu hiyo usiku alikunywa bakuli la kwanza. Jumanne mbili, Jumatano tatu. Mtoto alikuwa akinyonya huku kidole chake kimoja kimenyooka, kama anaeonesha njia, na nyumba nzima ilikuwa ikipita kukitazama kidole hicho.

Ijumaa alfajiri mtoto alikuwa akihema kwa tabu, mbavu zikizama kila akivuta pumzi. Walikimbilia hospitali. Madaktari walifanya walichoweza. Ilipoadhiniwa adhuhuri hakuwa mtoto tena wa dunia hii.

Walikuwa wamengoja siku ya saba wampe jina. Borafya alisema mwanawe hatokwenda bila ya jina, akamwita Tahir, akamsikilizisha kwa sauti ndogo sikioni mwake, kisha wanaume wakamchukua wakaenda kumzika. Wanawake wakabaki ghorofani. Asubuhi Bi Ulfat alikuwa amekwisha kuipua sufuria ya shurba kabla ya kukimbia hospitali. Sasa hakuna aliyekuwa na moyo wa kupika kitu kingine, kwa hivyo jirani mmoja akaipasha moto, akawagaia waliokuja kutoa mkono wa pole. Bi Ulfat alikaa chini pembeni akiwatazama watu wakinywa maziwa ya mjukuu wake.

Maziwa yenyewe hayakusita. Yalikuja Jumamosi kwa nguvu, matiti ya Ilham yakawa magumu kama mawe, joto likampanda, na kila nguo aliyovaa ililowa kifuani. Bi Ulfat aliacha kupika shurba siku hiyo hiyo. Alimkandakanda kwa kitambaa cha maji ya baridi, akamwambia akamue kidogo tu, apate nafuu, asikamue sana. Ilham alikamua kwenye bilauri, akaishika bilauri mkononi, hakujua aipeleke wapi. Mwishowe mama yake alimpokonya akaenda kuimwaga, na alipokuwa akimwaga alifungua bomba ili mwanawe asisikie.

Wiki moja baadaye Bi Bilkis alibisha hodi. Hakuwa amefuata uji. Alikaa kwenye ncha ya kiti, rida yake, lile vazi la kike la Kibohora, ameikunja mapajani, akaanza sentensi tatu asimalize hata moja.

"Bi Ulfat, sina uso wa kulisema hili," alisema mwisho.

"Sema tu, jirani yangu."

Bi Ulfat alikuwa akijua nusu yake. Mkwe wa Bi Bilkis, Naznin, alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki tatu kabla. Siku chache baada ya kujifungua, moyo wake ulivimba, ukawa haupigi sawasawa, pumzi zikamwishia hata kwa kupanda kitandani. Mumewe, Moiz, alifunga duka lake la vyombo akampeleka kutibiwa India. Mtoto hakuweza kusafirishwa. Alichokuwa hakijui ni kuwa maziwa yote ya kopo yalikuwa yakimkataa mtoto. Alitapika, akaharisha damu, akapungua badala ya kuongezeka. Daktari alisema mwili wake haupatani na maziwa ya ng'ombe, na maziwa maalumu ya kumfaa yanaagizwa nje, yatachukua muda. Kama inawezekana kupatikana mama wa kumnyonyesha, ndiyo salama yake.

"Mwanangu hajamaliza hata siku kumi tangu afiwe, Bi Bilkis," alisema Bi Ulfat.

"Najua. Wallahi najua. Nimekaa na miguu yangu siku mbili naiambia isije."

Kutoka chumba cha ndani ikaja sauti ya Ilham, kavu, haina juu wala chini. "Mama, mwambie sina."

"Huna nini, mwanangu?"

"Maziwa. Mwambie yamekauka."

Bi Bilkis alisimama, akaomba radhi, akateremka. Bi Ulfat aliingia chumbani akamkuta Ilham amelala ubavu, na kanga aliyojifunga imelowa mpaka kiunoni.

Alimletea kanga kavu, akatoka. Lakini alasiri, alipokuwa roshani akianua nguo, alimsikia mtoto ng'ambo ya kichochoro. Hakikuwa kilio cha mtoto wa wiki tatu. Kilikuwa kama mlio wa paka mchanga aliyekwama mahali, unalia, unakatika, unaanza tena chini zaidi ya pale ulipoishia. Bi Ulfat aliziacha nguo kwenye kamba. Alijitanda, akateremka, akapanda kwa Bi Bilkis, akasema, "Nipe."

Baadaye, katika miezi yote iliyofuata, alijiuliza ni kwa nini hakumuuliza mwanawe tena. Angeweza kukaa kitandani, akamshika mkono, akamwomba. Hakufanya. Aliingia na mtoto yule mwepesi kama shada la maua, akamlaza kifuani kwa Ilham, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Ilham alimtazama mtoto. Kisha akamtazama mama yake, mtazamo ambao Bi Ulfat hakuwahi kuuona katika uso ule tangu amzae. Mtoto akageuza kichwa, akapapasa, akapata. Ilham akatoa sauti kama aliyechomwa. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, akalia mpaka kitanda kikatikisika, na mtoto ananyonya tu, hajali, anameza kwa kishindo.

Bi Ulfat alikwenda jikoni. Akaifungua ile ndoo, akainjika sufuria.

Jina la mtoto lilikuwa Insiya.

Borafya alikuja Jumamosi kutoka kazini, viatu vyake bado vina udongo wa msituni, akamkuta mkewe kajiegemeza kwenye mto na mtoto wa watu ziwani. Alisimama. Akatoa salamu, akatoka. Bi Ulfat alimfuata, akamkuta kakaa kwenye ngazi, kichwa kakiinamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekosa. Ilikuwa nikuulize kwanza, wewe ndiye mume."

"Angelikufa?"

"Angelikufa."

"Basi hapana cha kuniuliza." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini huyo ana mama yake, na inshaallah atapona. Siku watakayomchukua, utamwambia nini Ilham?"

Bi Ulfat aligeuka. Alisema uji utamwagika, akarudi ndani, na jikoni hapakuwa na uji wowote motoni.

Miezi ilipita namna hiyo. Ilham alikunywa shurba bakuli mbili kwa siku, na asubuhi uji wa oti wenye tende zilizopondwa na iliki, na maziwa yakawa mengi mpaka Insiya alikuwa akipaliwa. Mwanzo mtoto aliletwa na kurudishwa, Bi Bilkis akipanda na kuteremka ngazi na magoti yake mabovu. Kisha akaachwa kulala, kwa usiku mmoja, halafu wa pili, na mwisho kitanda chake kikahamishiwa upande huu wa kichochoro. Mbavu zake zikapotea ndani ya nyama. Mikono ikafanya vikuku. Bi Bilkis alitangaza kwa jamaa zake kuwa Insiya na Ilham sasa ni mtu na mama yake wa ziwa, na kama Ilham atapata mtoto wa kiume kesho, basi huyo ni kaka yake kabisa, hapana ndoa baina yao. Wote walifurahi. Kila aliyepanda ngazi zile alisema Mwenyezi Mungu amefunga mlango mmoja akafungua wa pili, na Ilham alitabasamu akitazama chini.

Arobaini ilimalizika, ikapita. Hakurudi Kiembe Samaki. Borafya alikuja kila mwisho wa wiki na mfuko wa machungwa, akakaa na mkewe, na mazungumzo yao yote yakawa ya Insiya, kafanya hivi, kacheka vile. Siku moja alitaja jina la Tahir. Ilham alinyanyuka akaenda kubadilisha nepi ambayo haikuwa imelowa.

Bi Ulfat aliyaona yote hayo. Aliona vile Ilham alivyokuwa akimwita mtoto "mama'angu", na vile simu ya video ikilia kutoka India alivyokuwa akichelewa kuipokea. Naznin alikuwa akionekana kwenye kioo, macho makubwa katika uso uliokonda, akilia na kucheka. "Dada Ilham, Mungu akulipe. Mwambie Insiya mama anakuja." Ilham aliigeuza simu kwa mtoto na mwenyewe akatazama dirishani. Yote hayo Bi Ulfat aliyaona, akanyamaza. Mwanawe alikuwa akila. Mwanawe alikuwa akilala. Asubuhi nyengine alikuwa akiimba. Alijiambia kuwa ya kesho ni ya kesho.

Naznin alirudi mtoto akiwa na miezi sita kasoro siku chache. Alizipanda ngazi polepole, akipumzika kila sehemu ya kupindia, Moiz nyuma yake kamwekea mkono mgongoni. Alipofika juu alisahau hata salamu. Alinyoosha mikono.

Ilham alimpa. Bi Ulfat alimwona alivyompa, bila kusita, kama mtu anaerudisha amana mbele ya mashahidi. Insiya alimtazama yule mwanamke mgeni, midomo ikamtetemeka, akageuza uso na kumnyooshea Ilham mikono miwili, akapiga ukelele. Naznin alimbana kifuani, akamtikisa, akamwimbia kwa Kigujarati, na kila alivyozidi kuimba mtoto alizidi kujipinda. Mwisho aliyeshindwa alikuwa Naznin. Alimrudisha kwa Ilham, na mtoto akanyamaza papo hapo, akaficha kichwa shingoni mwake.

Moiz alitazama viatu vyake.

Siku tano zikawa hivyo hivyo. Siku ya sita Naznin alikuja peke yake, wakati Ilham yuko bafuni anaoga na mtoto amelala. Aliingia jikoni akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akaona aibu kukikalia bila ya nazi ya kukuna, akakiacha, akaketi kwenye ndoo.

"Bi Ulfat, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Moyo unaendeleaje?"

"Unapiga. Lakini wameniambia nisizae tena." Alisema kwa utulivu, kama neno alilokwisha kulizoea. "Huyu ndiye basi. Hanijui, Bi Ulfat. Nikimshika ananisukuma. Sikuja kumtoa dada Ilham, mimi namdai nini yeye? Roho ya mwanangu ni yake. Lakini maadamu ananyonya kwake, mimi ntabakia mgeni mpaka lini?"

"Ananyonya miaka miwili mtoto," alisema Bi Ulfat. Ndivyo Ilham alivyokuwa akisema. Ndiyo haki yake, miaka miwili.

"Daktari kasema sasa anaweza kuanza kula. Na maziwa yake maalumu yashakuja. Nifundishe uji wako. Ule wa oti. Nimlishe mimi, kwa mkono wangu, apate kitu kimoja duniani kinachotoka kwangu." Machozi yalimshuka naye hakuyafuta. "Sijui kupika hata kitu kimoja cha mtoto. Kila mtu kajifunza mbele yangu, mimi nimelala kwenye mashine."

Bi Ulfat alimtazama. Alikuwa mtoto wa watu, mwembamba, ana miaka ishirini na sita, umri wa Ilham. Alitafuta moyoni mwake pahala pa kumkatalia, asipate.

Akamfundisha. Oti zisagwe kwanza zikiwa kavu, zichungwe, kwa vile koo la mtoto halijazoea punje. Kijiko kimoja cha unga kwa kikombe cha maji, uvurugwe ukiwa baridi usije ukafanya madonge, ndipo uende motoni. Moto mdogo. Koroga mpaka uone unang'ara, ule ndio ute wenyewe. Usitie chumvi, usitie sukari. Tende moja, iliyorowekwa na kupondwa na kuchujwa, inatosha. Maziwa ya ng'ombe usimkurubishe. Uache upoe mpaka ukiweka tone kwenye kiganja usilisikie. Naznin aliyarudia yote kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

Mtoto aliamka. Naznin alimchukua, akakaa chini kwenye jamvi, akampa ncha ya kijiko. Insiya alikunja uso. Akalamba. Akafikiri. Akafungua mdomo tena. Kijiko cha tatu kilimtiririka kidevuni naye akacheka, akamshika Naznin pua kwa kiganja chenye uji, na Naznin akawa anacheka na kulia pamoja, akisema, "Umeona? Bi Ulfat, umeona?"

Ilham alikuwa mlangoni, kanga mabegani, maji yanamtona nyweleni.

Hakupiga kelele. Alingoja mpaka Naznin akaondoka na mtoto na bakuli lililofunikwa kisahani. Alimtazama mama yake akifuta jiko ambalo lilikuwa safi.

"Mama, uliniamsha usingizini unipe shurba ili nitoke maziwa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa unawapikia wao ili wasiyahitaji."

"Ilham, yule ni mama yake."

"Mimi najua nani mama yake! Nilikwambia tangu siku ya kwanza. Nilikwambia sina. Ulidhani sikuwa nasikia anavyolia? Nilikuwa nikimsikia zaidi yako, kila akilia mwili wangu ulikuwa ukiitika. Nilisema sina kwa sababu nilijua. Wewe ukanitupia kifuani kama mtu anaetupia mbwa mfupa."

Bi Ulfat alifungua mdomo. Alitaka kusema, mtoto angekufa. Alitaka kusema, na wewe ungekufa, hukuwa ukila. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu.

Ilham alipakia nguo zake. Jioni ile Borafya alimfuata, akampeleka Kiembe Samaki.

Insiya alilia siku nne, dirisha kwa dirisha, na kila mtu kichochoroni alizisikia hizo siku nne. Siku ya tano alilia kidogo. Siku ya nane Bi Ulfat alichungulia roshani, akamwona ng'ambo kapakatwa na Naznin, anachezea bangili zake, ametulia. Bi Ulfat alishukuru Mungu, kisha akaingia ndani, akalala mchana kutwa.

Alipiga simu Kiembe Samaki, haikupokewa. Akapiga tena kesho yake. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Malindi akaja kumwambia wamepata mgeni, akamjibu kuwa haumwi wala hajambo, watafute mwengine. Ilikuwa mara ya kwanza kumrudisha mtu. Wiki ya tatu Borafya mwenyewe akapiga.

"Njoo, mama. Nadhani njoo."

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ua, na kila baada ya muda ndege ilipita juu ikashuka uwanjani. Ilham alikuwa chumbani, amekonda. Kifua chake kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa. Bi Ulfat alikaa chini, kwenye sakafu, ingawa kiti kilikuwapo.

"Yamekwisha?" aliuliza.

"Yanaelekea." Ilham alikuwa akitazama ukuta. "Naznin kanipigia. Kaniambia nikitaka niende kumwona. Nimemwambia bado."

"Kasema kweli. Wewe ni mama yake wa ziwa, haliondoki hilo."

"Najua haliondoki."

Ndege ilipita. Waliingoja imalize.

"Nisamehe," alisema Bi Ulfat. "Nilimsikia yule, wewe nikakusahau. Sikukusahau kwa ubaya. Sikuweza kukuona vile. Nikaona nikikupa kitu cha kushika utaacha."

"Nitaacha nini?"

"Kumlilia."

Ilham akageuka kutoka ukutani. "Mimi sijamlilia, mama. Ndilo ninalokulaumu. Kwa Insiya sikulaumu, yule yuko hai, alhamdulillahi. Nakulaumu kwa vile mwanangu nilimkalia matanga siku saba tu. Siku ya nane nikapewa mwengine nikamfunika naye. Kila nikimkumbuka, nakumbuka uso wa Insiya. Najitahidi kumwona Tahir namwona Insiya. Sijui tena alikuwa na uso gani."

Bi Ulfat alitambaa mpaka kitandani, akaweka kichwa chake mapajani mwa mwanawe. Sivyo inavyotakiwa, mama kumlalia mtoto, lakini mgongo ulikataa kusimama. Baada ya muda alihisi mkono wa Ilham juu ya mtandio wake, hauchezi, umetua tu.

"Nataka nijue alipozikwa," alisema Ilham.

Walikwenda asubuhi ya pili, watatu, kwa gari ya kukodi, mpaka makaburini Mwanakwerekwe. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha na majani yamepanda mpaka magotini. Borafya aliwatangulia, akihesabu njia kwa mdomo, akawapitisha kwenye makaburi makubwa mpaka upande wa watoto. Huko matuta yalikuwa madogo, mengine kama mto wa kulalia, mengi hayana alama. Akasimama. Akasogea hatua mbili. Akarudi.

"Nilichomeka kijiti cha mkadi kiwe alama," alisema.

Hapakuwa na kijiti. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, na matuta mawili yalikuwa pamoja, sawa kwa urefu, majani yale yale. Borafya aliinama, akapapasa udongo wa moja, kisha wa jengine. Mtu huyu aliyeweza kuutambua mti msituni kwa gome lake.

"Ni huu," alisema. "Au huu. Ilham, mke wangu, nilikuwa na hakika. Siku ile nilikuwa na hakika."

Ilham aliyatazama matuta yote mawili. Alivua viatu vyake, akavikalisha pembeni, akapita baina ya matuta mawili na kukaa hapo, kwenye kijinafasi ambacho kilimtosha kwa shida. Mkono mmoja akauweka juu ya hili, mmoja juu ya lile. Akaanza kusoma Fatiha, sauti yake ikakatika katikati, akaanza tena, ikakatika pale pale. Mara ya tatu Bi Ulfat alimshikia aya ile kutoka nyuma, na Borafya naye akamfuata, wakaendelea kusoma pamoja huku Ilham akilia, wakamwacha alie.